Tusipigane na Zimwi, Tupigane na Uzushi

Husikika mara kwa mara, katika mikutano ya wazazi na walimu na katika mabaraza ya jioni huko Nachingwea na Ruangwa, lawama moja iliyokwisha kuwa wimbo. Vijana wetu, inasemwa, wameingiwa na wazimu wa kupenda picha za kutisha. Hujazana katika mabanda ya video kutazama maiti wanaofufuka, majini wanaonyonya damu na nyumba zinazolia usiku. Na yule asiye na kiingilio huzitazama picha hizo hizo katika simu ya nduguye, chini ya shuka, mpaka chaji iishe. Kisha huulizwa: mtu mwenye akili timamu atatoaje fedha yake ili atishwe? Jibu hutolewa kabla swali halijapoa, kwamba huo ni ugonjwa uliotoka ng'ambo. Na dawa hufuata papo hapo: mabanda yafungwe, simu zikusanywe.

Makala haya yanakusudia kulipinga jibu hilo pamoja na dawa yake. Lakini yasidhaniwe kuwa ni utetezi wa kila picha inayoonyeshwa. Wapo pia wajuaji wanaotuambia kuwa picha ni picha, ni burudani tu, haijapata kumdhuru mtu. Hao nao nitawapinga, tena kwa ukali zaidi. Kundi la kwanza linapigana na adui asiyekuwapo; kundi la pili limempisha adui aliyepo akaingia ndani.

Tuanze na hofu yenyewe, maana watu wa Nachingwea na Ruangwa hawahitaji kufundishwa hofu na mtu wa sinema. Kila mkulima wa kusini anajua maana ya kulala katika dungu. Mahindi na mtama vinapokomaa, nguruwe mwitu huingia mashambani usiku, na mwenye shamba hana budi kukesha akipiga debe ili mavuno ya mwaka mzima yasiishie tumboni mwa wanyama. Lakini nguruwe hafiki peke yake. Nyuma yake huja simba, na simba aliyemkosa nguruwe humkuta binadamu amejilaza katika kibanda cha nyasi kisicho na mlango. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kitanzania, walichapisha katika jarida la kisayansi la Nature hesabu ya kutisha kuliko picha yoyote: tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 katika Tanzania na kuwajeruhi zaidi ya 308. Maeneo ya Lindi na Rufiji yalikuwa miongoni mwa yaliyoumia kupita mengine. Watafiti hao walionyesha pia kuwa mashambulio yalizidi wakati wa mavuno, na kwamba palipokuwa na nguruwe wengi ndipo simba walipokula watu.

Hakuna mtu aliyepata kuburudika katika dungu akisikia nyasi zikivunjika chini yake. Hofu ile hukausha kinywa, hulegeza magoti, na ikipita humwacha mtu mgonjwa. Hata hivyo, mtu huyo huyo, miezi miwili baadaye, akiwa kwake penye moto na watu, huombwa asimulie usiku ule. Naye husimulia! Huiga mnguruma, huinama kama simba anavyoinama, hunyamaza kwa makusudi mahali ambapo watoto wamekwisha shikana mikono. Na akimaliza, watoto wale wale waliotetemeka humsihi arudie. Simba ni yule yule, na nyasi ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba sasa pana uzio kati ya msikilizaji na simba. Moto upo, mlango upo, mzee anayesimulia yu hai mbele yao, na ushahidi wa uhai wake ndio uzio ulio imara kuliko yote.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Binadamu hapendi kuwa hatarini. Anachokipenda ni kuikaribia hatari akiwa salama, aitazame, aipime, ajipime na yeye, kisha aondoke akiwa mzima. Mwili wake hauna werevu wa kutofautisha sana: akiona jitu likitokea gizani, moyo hudunda, pumzi hukatika, nywele husimama, damu hupelekwa miguuni tayari kwa kukimbia. Lakini akili inajua kuwa lile ni kivuli cha mwanga juu ya ukuta. Mwili unaamini, akili haiamini, na katikati ya hao wawili huzaliwa ladha ya ajabu.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Dolf Zillmann, mtaalamu aliyefanya kazi zake Marekani, alieleza kuwa msisimko wa mwili hauzimiki mara moja kama taa. Hatari inapopita, moyo bado unadunda, na mdundo ule uliozaliwa na hofu huhamia katika furaha ya kuokoka, ukaifanya furaha hiyo iwe kubwa kuliko ambavyo ingekuwa peke yake. Ndiyo maana katika banda la video kicheko kikubwa husikika mara tu baada ya kelele kubwa. (Sisi watunzi wa mashairi tulidhani kwa muda mrefu kuwa mapigo ya moyo ni mali ya mapenzi peke yake.) Zillmann na wenzake walionyesha pia, katika jaribio la mwaka 1986, kuwa raha ya picha ya kutisha hutegemea aliyeketi karibu nawe: mvulana aliifurahia zaidi akiwa na msichana aliyeonyesha woga, naye msichana aliifurahia zaidi akiwa na mvulana asiyetikisika. Walimu waliopata kusimamia maonyesho ya sinema shuleni hawakuhitaji jaribio ili kulijua hilo, lakini si vibaya sayansi ikituthibitishia.

Na mwaka 2020 huko Denmark, Marc Malmdorf Andersen na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 110 walioingia katika nyumba iliyotengenezwa makusudi kwa kutisha wageni, wakiwa wamefungwa vyombo vya kupima mapigo ya moyo. Iligundulika kuwa raha haiongezeki kila hofu inapoongezeka. Hofu ikiwa haba, mtu huchoka. Ikizidi kipimo, huchukia na kutaka kutoka. Raha ipo katikati. Kwa maneno mengine, burudani ya hofu ni kama pilipili katika mchuzi, na mpishi ndiye mwenye kazi.

Sasa, je, mapishi hayo yametoka ng'ambo? Anayesema hivyo na atuambie basi babu zake walikuwa wakifanya nini usiku. Hadithi zetu zimejaa mazimwi: lipo lenye jicho moja, lipo linalomeza kijiji kizima na mifugo yake, lipo linalojigeuza kijana mzuri likaja kuposa. Watoto wa nchi hii walikuwa wakitishwa kila jioni, kwa utaratibu na kwa makusudi, na waliofanya hivyo ni bibi zao waliowapenda kuliko macho yao. Paukwa! Pakawa! Maneno hayo mawili ndiyo mlango wa uzio. Akiyasikia, mtoto hujua kuwa anaingia mahali ambapo zimwi linaweza kula watu, na kwamba hadithi ikiisha atatoka. Bibi naye hutazama nyuso. Akiona mjukuu mmoja amezidiwa, hupunguza sauti, humwingiza sungura kabla ya wakati wake, au humtia zimwi ujinga likaanguka shimoni. Hicho ndicho kipimo cha watafiti wa Denmark, isipokuwa bibi hakuhitaji chombo cha kupimia mapigo ya moyo. Alimpakata mtoto mwenyewe.

Lakini mfano ulio bora kuliko yote uko jirani kabisa na wasomaji wa Nachingwea na Ruangwa, nao ni mapiko ya Wamakonde. Kabila hili limekaa pande zote mbili za mto Ruvuma, na wengi wao wamehamia na kuchanganyika na Wamwera, Wayao na Wamakua katika wilaya zetu. Kinyago cha lipiko huchongwa katika mti mwepesi, kikavaliwa kichwani kama kofia, na mara nyingi hupandikizwa nywele za mtu. Mwili wote wa mchezaji hufunikwa kwa nguo asionekane hata ukucha. Watoto na wanawake waliambiwa kuwa huyo si mtu, ni mfu aliyerudi. Ngoma ikilia, lipiko likija mbio likitikisa kengele zake, watoto walikimbia kwa hofu ya kweli na kwa vicheko vya kweli, kisha wakarudi kuchungulia, kisha wakakimbia tena.

Halafu siku hufika ya jando. Kijana aliyekimbia miaka yote huletwa uso kwa uso na lile jitu, na kinyago huvuliwa. Ndani yake mna mtu. Tena ni mtu anayemjua: mjomba wake, au fundi wa kijiji, au yule jirani aliyemkemea jana kwa kuchezea kisima. Fikiri, ndugu msomaji, uzito wa somo hilo. Wazee wetu hawakumwambia kijana kwamba mazimwi hayapo, aamini kwa sababu ameambiwa. Walimwacha aogope kwa miaka, kisha wakamwonyesha kwa macho yake jinsi hofu inavyotengenezwa: mti, nguo, kamba, nywele, kengele, na binadamu anayetoka jasho. Baada ya hapo yeye mwenyewe alifundishwa kuicheza. Tangu siku ile aliitazama ngoma kwa macho mapya. Alijua siri, na bado alisisimkwa, tena alisisimkwa zaidi, kwa kuwa sasa aliona pia ufundi.

Na kina mama je? Waliapishiwa siri hiyo wasiijue. Wako waandishi wanaosema, nami nakubaliana nao kabisa, kwamba kina mama waliijua siku zote. Mke asimjue mumewe kwa mwendo wa miguu yake! Walijua, wakapiga kelele, wakakimbia, na ngoma ikanoga. Hapo tuna mtazamaji kamili wa kazi ya sanaa, anayejua na kujitia hajui kwa hiari yake, kwa ajili ya furaha ya wote. Vitabu vingi vimeandikwa katika lugha za kigeni kuuliza inakuwaje mtu aogope kitu anachojua hakipo. Mama wa Kimakonde alikwisha lijibu swali hilo kwa miguu yake, vumbi likitimka.

Sanaa hiyo haikuishia kutisha watoto. Kwa vinyago hivyo hivyo Wamakonde waliwacheza wakoloni wa Kireno, pua na kofia na kiburi chao, na wapigania uhuru wa FRELIMO, waliokuwa na kambi yao kubwa Nachingwea tangu miaka ya 1960, hawakuliacha silaha hiyo nyuma. Dubwana linalochezwa na kuchekwa huwa limepunguzwa kimo. Naye George Lilanga, aliyezaliwa Kikwetu, Lindi, mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, aliyatoa mashetani katika mti na kuyaweka katika rangi, masikio makubwa, midomo mirefu, vidole viwili viwili, yakicheza na kubishana kama watu wa sokoni. Dunia nzima iliyapenda. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Mashetani, iliyotoka mwaka 1971, ilimtumia shetani kuuliza swali zito kuhusu ukoloni na watu waliobakia nyuma yake. Basi tusiambiwe kuwa zimwi ni mgeni hapa. Ni mwenyeji, tena ni mzee wa mji.

Dai la ugonjwa wa kigeni, kwa hiyo, halina miguu. Lakini nasema zaidi ya hapo: dai lenyewe ndilo la kigeni. Wakoloni wa Kiingereza walipoanza kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika, kama walivyofanya katika mradi uliokuwa na makao yake Vugiri, mkoani Tanga, kati ya mwaka 1935 na 1937, walikuwa na imani kwamba Mwafrika ni mtoto, hawezi kutenganisha picha na ukweli, hawezi kufuata hadithi inayokwenda mbio, na akionyeshwa uhalifu atatoka kwenda kufanya uhalifu. Kwa imani hiyo zilitengenezwa picha za polepole zenye kufundisha kunawa mikono, na kwa imani hiyo hiyo wakaguzi wa sinema katika makoloni haya waliruhusu picha fulani zionwe na Wazungu na kuwazuilia Waafrika. Leo mtu wetu, amevaa suti yake, anasimama mkutanoni na kusema kuwa kijana wa Ruangwa akiona maiti anafufuka katika skrini ataharibika akili, ilhali kijana wa London aliyetazama picha hiyo hiyo anasemekana kuwa amestarehe. Hiyo ni kasumba. Kijana ambaye babu yake alivua kinyago cha lipiko hana haja ya kuelezwa kwamba ndani ya jitu mna mtu.

Hata hivyo, na hapa nawageukia wale wa kundi la pili, lazima tuulize kama katika mabanda yetu uzio ule bado umesimama.

Mtoto wa miaka 7 anayechungulia katika tundu la banda hana bibi wa kumtazama uso. Mashine haipunguzi sauti kwa sababu yeye amezidiwa. Kristen Harrison na Joanne Cantor, katika utafiti wao wa mwaka 1999 uliowahoji wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, walikuta kuwa wengi mno walipata kutishwa utotoni na picha au kipindi cha runinga, na kwamba karibu robo ya watu wote waliohojiwa walikuwa bado wana mabaki ya hofu ile hata baada ya kuwa watu wazima. Hao walikuwa na wazazi, na taa za umeme, na kitanda cha peke yao. Kwa hiyo sheria ya umri si uonevu. Bodi ya Filamu hupanga picha kwa madaraja ya umri, na mwenye banda anayemwingiza mtoto usiku kwa sababu ya shilingi mia chache anastahili kuadhibiwa bila huruma. Hilo ni jambo jepesi, na sioni mwenye akili atakayelibisha.

Jambo zito ni jingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi yetu imekuwa na watengenezaji wake wa picha za kutisha. Mussa Banzi alitutolea Nsyuka, kisha Shumileta, na watu walizipenda kwa sababu mazimwi yalisema Kiswahili na yalikaa katika nyumba kama zetu. Hilo ni jambo la kujivunia, nami simlaumu fundi yeyote aliyechukua jini wa pwani akamtia katika kamera. Jini wa sinema hana jirani. Ukitoka katika banda hutamkuta kisimani.

Lakini yako masimulizi ya namna nyingine, na yanafanana kama pacha. Kijana ana kazi nzuri. Ghafla anaugua, au mkewe hazai, au biashara inaanguka. Anakwenda kwa mganga, mganga anatazama kioo au maji, na humo unaonekana uso: bibi kizee, mjane, maskini, mara nyingi shangazi au mama mkwe. Picha inatuonyesha bibi huyo usiku, uchi, amepanda ungo. Kisha bibi anakufa, kwa radi au kwa moto au kwa mikono ya wanakijiji, na hapo hapo kijana anapona. Muziki wa furaha. Mwisho.

Tazameni kilichofanyika hapo. Kinyago hakikuvuliwa, ila kimechukuliwa na kubandikwa usoni mwa mtu aliye hai. Mtazamaji akitoka nje, zimwi la hadithi linabaki bandani, lakini bibi kizee mjane yuko kijijini, nyumba ya tatu kushoto, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni. Picha imesema kuwa mganga alisema kweli. Imesema kuwa ugonjwa una mtu. Imesema kuwa mtu huyo akifa, ugonjwa utaisha. Huo ni uzushi uliovaa nguo za sanaa, nao ni uzushi unaoua. Taifa hili limezika wazee wake, hasa akina mama wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, waliouawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi. Taifa hili limeona aibu kubwa, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, ya watu wenye ualbino kuwindwa kwa sababu waganga walidai kuwa viungo vyao huleta mali. Sidai kwamba picha ndizo zilizoanzisha mauaji hayo. Uzushi huu una umri mkubwa kuliko kamera. Nasema kuwa mtu anayetia kuni katika moto hawezi kujitetea kwa kusema kuwa aliukuta unawaka.

Nasi wa kusini tusijifanye hatuhusiki. Simba walipokula watu katika vijiji vya Lindi na Mtwara, si wote waliouliza habari za nguruwe na madungu. Wengi waliuliza simba huyo katumwa na nani. Neno hilo, simba wa kutumwa, limekwisha vunja udugu wa familia nyingi. Simba wa kweli huzuiwa kwa kupunguza nguruwe, kwa kujenga vibanda vyenye kuta, kwa kumwita askari wa wanyamapori mapema. Simba wa kutumwa hazuiwi ila kwa kumsaka aliyemtuma, na aliyemtuma, kwa bahati ya ajabu, siku zote ni mtu asiye na watoto wa kumtetea. Wakati wanakijiji wanamtafuta mchawi, simba anarudi usiku wa pili.

Kama yupo anayetaka kuona jinsi hofu isiyo na uzio inavyokuwa, akumbuke Popobawa wa mwaka 1995. Hadithi ile ilianzia Pemba, ikaenea Unguja. Hapakuwa na paukwa wala pakawa. Watu wazima waliacha vitanda vyao wakalala nje kwa makundi, moto ukiwaka, wakiogopa kusinzia. Hapakuwa na burudani yoyote ndani yake. Na katika kimbunga kile cha woga kundi la watu lilimwua mtu asiye na hatia kwa kumdhania kuwa ndiye. Mwili uliamini, na akili nayo ikaamini. Picha inayomfundisha mtazamaji kuamini hata baada ya taa kuwashwa inamwandaa kwa usiku kama ule.

Kwa hiyo nawauliza wanaosema ni burudani tu: burudani ya nani? Yule bibi wa nyumba ya tatu naye anaburudika?

Kufunga mabanda hakutatusaidia. Ukifunga banda, picha inahamia simuni, na huko mtoto huitazama peke yake, pasipo hata kicheko cha wenzake cha kumrudishia roho. Tumekwisha ona kuwa wenzake ni sehemu ya uzio. Bodi ya Filamu, ambayo kazi yake ilikwisha wekewa msingi na sheria ya filamu na michezo ya jukwaani ya mwaka 1976, imezoea kuhesabu damu na nguo fupi. Naomba iongeze swali moja katika ukaguzi wake: je, picha hii inamtaja mchawi, na je, inathibitisha kuwa aliyemtaja alisema kweli? Damu ya rangi haijapata kumwua mtu. Ramli iliyothibitishwa na kamera imekuwa karibu sana na kufanya hivyo.

Kazi iliyobaki ni ya walimu, nayo ni kazi ya jando: kuvua kinyago. Muhammed Said Abdulla alituonyesha njia zamani sana. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, anatupeleka mahali penye mzimu, panapoogopwa, ambapo mtu amekutwa ameuawa. Msomaji husisimka. Kisha huja Bwana Msa na kiko chake, anauliza maswali, anapima maneno ya watu, na mwishowe tunakuta kuwa mkono uliofanya yale una vidole vitano na tamaa ya mali. Hofu yote tuliyopewa mwanzoni haikupotea bure, imegeuka kuwa udadisi. Waandishi wetu wa picha wasome kitabu hicho kabla ya kununua ungo mwingine.

Darasani, mwalimu wa Ruangwa au wa Nachingwea asione haya kuzitaja picha ambazo wanafunzi wake wamekwisha kuziona. Wamekwisha kuziona, apende asipende. Awaulize damu ile ilitengenezwa kwa nini. Awaulize kwa nini muziki ulianza kabla mlango haujafunguka, na kama wangeogopa lau muziki usingekuwapo. Awaulize kamera ilisimama wapi bibi alipokuwa akiruka, na nani alikuwa ameshika taa. Wanafunzi watacheka, na wataipenda picha kuliko mwanzo, kama yule kijana aliyetoka jandoni akarudi kuitazama ngoma. Kisha awaulize kwa nini mchawi wa picha zetu huwa maskini daima, na kwa nini hatujaona hata siku moja kioo cha mganga kikionyesha uso wa mwenye duka kubwa.

Na baada ya hapo awape zoezi la insha. Wachukue hadithi ile ile, kijana mgonjwa, mganga, kioo, kijiji kilichoshika mienge, na waisimulie upya, neno kwa neno na hatua kwa hatua, kutoka ndani ya nyumba ya bibi kizee, yeye akiwa amekaa kitandani anasikia nyayo zinakuja. Hiyo nayo itakuwa hadithi ya kutisha, na sidhani kama kuna mwanafunzi atakayeilalamikia kuwa haimsisimui. Karatasi zipo, kalamu zipo. Kipindi kimoja cha Kiswahili kinatosha kuianza.